Jicho la Mgeni: Robert Frank na Watu Aliowavizia

Robert Frank alizaliwa Zurich, Uswisi, mwaka 1924, akahamia Marekani mwaka 1947. Kwa msaada wa fedha wa Wakfu wa Guggenheim alizunguka nchi hiyo kwa gari katika miaka ya 1955 na 1956, kamera ndogo ya Leica mkononi. Alipiga picha zipatazo 27,000. Katika kitabu zikaingia 83 tu. Kitabu hicho kilitoka kwanza Paris mwaka 1958 kwa jina la Les Américains, kikiwa kimejazwa maandishi ya waandishi mbalimbali. Toleo la Marekani la mwaka 1959 liliyaondoa maandishi hayo, na kitabu kikapata nguvu zaidi. Kila picha ilikabili ukurasa mweupe wenye maelezo mafupi tu, kama vile jina la mahali.

Ukimya huo ndio unaoifanya picha ya tramu ya New Orleans iseme sana: Weupe mbele, Weusi nyuma, wakiwa wamegawanywa na madirisha. Ilipigwa wiki chache kabla ya Rosa Parks kukamatwa Montgomery, tarehe 1 Desemba 1955. Mwenyeji aliyezoea tramu ile huenda asingeona cha kupiga. Mgeni aliona.

Hata hivyo, kuona si kuruhusiwa. Watu hao hawakuombwa idhini. Njia ya Frank ilikuwa kuvizia. Kiswahili husema “kupiga” picha, na kitenzi hicho hakina kosa lake, kwani hata ngoma na pasi hupigwa. Lakini katika kazi ya namna hii hukaribia mno maana ya bunduki. Frank naye alionja kutazamwa kwa shaka: Novemba 1955 polisi wa Arkansas walimkamata, lafudhi yake ya kigeni ikiwa miongoni mwa sababu. Aliachiliwa, akaendelea na safari. Abiria wa nyuma katika tramu hawakuwa na pa kuendelea.

Ndiyo maana picha nzito kuliko zote kitabuni ni ile ya San Francisco ya mwaka 1956. Mwanamume na mwanamke Weusi wamekaa kwenye majani kilimani, mji mweupe ukiwa chini yao. Wamegeuka ghafla, nao wamekasirika. Abiria wa tramu nao hutazama kamera, lakini kama watazamavyo wapita njia; hawa wawili wanakataa. Frank mwenyewe aliitaja kuwa ndiyo aipendayo zaidi. Kwa kuichapisha alikubali kuonekana jinsi walivyomwona wao: mtu aliyeingia bila kupiga hodi. Wapiga picha wengi wangeitupa na kubakiza zile ambazo mwindo ulifaulu.

Lakini ungamo hilo lina upungufu wake. Hasira ya wawili wale ilimletea sifa mpiga picha, wala wao hawakuulizwa kama waliitaka ichapishwe. Jina la Frank limo jaladani; mkabala na picha yao pameandikwa jina la mji.