Anwani si Mahali pa Kitambulisho

Mgeni anayekodi chumba mtandaoni katika nyumba ya Kibokoni, hatua chache kutoka Fort Jesus, kwa kawaida hupitia kurasa tatu: ya tarehe, ya jina na kitambulisho, kisha ya malipo. Itifaki ya HTTP haina kumbukumbu. Kila ombi huifikia seva kana kwamba ndilo la kwanza, kwa hiyo lazima taarifa zibebwe na kitu. Njia ya mkato ni kuzipachika kwenye anwani: malipo.php?kitambulisho=12345678&kiasi=4500. Mafundi wengi wanajua hilo halifai, nao huhangaika namna ya kuzificha. Nadhani wanahangaikia nusu ya tatizo. Cha kuuliza kwanza ni nani anayezishika taarifa hizo, seva ya mwenye nyumba au kivinjari cha mgeni.

Anwani ina tabia ya kuacha nakala kila inapopita. Hubaki katika historia ya kivinjari, na kwenye saiba ambako kompyuta moja hutumiwa na watu wengi, mteja anayefuata akigusa herufi mbili tatu tu huletewa anwani nzima ya mwenzake. Huandikwa katika kumbukumbu za seva, hunakiliwa ikatumwa kwa WhatsApp. Atasema mtu kwamba HTTPS husimba kila kitu. Kweli, lakini njiani tu. Kwenye kompyuta ilikotoka na kwenye seva ilikofika, anwani husomeka wazi. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ulinzi uanzie kwenye usanifu wa mfumo, si baada ya mambo kuharibika.

Dawa inayokimbiliwa ni POST, ambayo hupeleka taarifa ndani ya mwili wa ombi. Anwani inakuwa safi, lakini kiasi kilichowekwa katika sehemu fiche ya fomu bado kiko mikononi mwa mgeni. Akibonyeza F12 kufungua zana za kivinjari na kugeuza 4500 kuwa 45, seva isiyokagua itakubali. Akionyesha upya ukurasa, fomu inaweza kutumwa tena na chumba kikaandikwa mara mbili, ndiyo maana seva inapaswa kuhifadhi kwanza, kisha imwelekeze kwenye ukurasa mwingine kwa jibu la 303.

Suluhisho ni sesheni. Taarifa hubaki kwenye seva, na kivinjari hupewa kuki yenye msimbo wa kubahatisha usio na maana kwa mwingine, kama namba ya dobi: nguo zinabaki kwake, wewe unaondoka na kikaratasi. Kikaratasi chenyewe pia kilindwe. Alama ya HttpOnly huizuia JavaScript kuisoma kuki, na Secure huilazimisha isafiri kwa HTTPS pekee. M-Pesa imejengwa kwa mantiki hiyohiyo. Katika malipo ya STK, ambapo ombi la malipo hutokea kwenye simu ya mgeni, seva ya nyumba hupeleka namba ya simu na kiasi kwa Safaricom moja kwa moja na kupewa namba ya ombi, CheckoutRequestID; mgeni huandika PIN kwenye simu yake, na matokeo hurudi kwenye seva yakiwa na namba ileile. Kivinjari hakiaminiwi hata kwa shilingi moja.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba sesheni huielemea seva na huisha muda mgeni akiwa katikati ya fomu. Mzigo upo, lakini kwa nyumba ya vyumba sita ni mdogo, na muda unaweza kuongezwa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba si kila kitu kinafaa kufichwa. Tarehe na idadi ya wageni zibaki kwenye anwani, ili mtu aweze kumtumia mwenzake kiungo wakashauriana. Basi kila taarifa ipimwe kwa maswali mawili: je, mgeni angeituma kwenye kundi la WhatsApp bila wasiwasi, na je, akiibadilisha kuna atakayepata hasara? Kitambulisho huanguka kwenye swali la kwanza, kiasi kwenye la pili; vyote viwili mahali pake ni kwenye seva.