Fensi Iliyoangushwa na Maji

Masika yalipokolea, kipande cha fensi cha mita tatu kililala barabarani katika mtaa mmoja wa mteremkoni huko Kimara, Dar es Salaam. Kilikuwa cha matofali ya inchi 6, kati ya nguzo mbili. Wapita njia wakailaumu saruji. Saruji husingiziwa mengi mjini. Fundi aliyeitwa kukijenga upya alitazama kwanza kilivyoanguka. Matofali mengi yalikuwa mazima, na yote yamelalia upande mmoja, wa barabarani. Ukuta ambao msingi wake umetitia hupasuka mshazari na kuzama. Huu ulikuwa umesukumwa.

Kiwanja kiko juu kuliko barabara, na miaka ya nyuma mwenye nyumba alimwaga kifusi nyuma ya ukuta ili apate uwanja tambarare. Kifusi kikanywa mvua, maji yakakosa pa kutokea. Maji yakisimama nyuma ya ukuta kwa kimo cha nusu mita, kila mita moja ya ukuta hubeba msukumo unaolingana na uzito wa kilo 125 hivi. Yakifika kimo cha mita moja, msukumo unafika kilo 500, mara nne. Tena unasukuma kutokea juu zaidi, kwa hiyo nguvu ya kuupindua ukuta inaongezeka mara nane. Hapo hatujahesabu udongo wenyewe. Ukuta wa inchi 6 umejengwa kuzuia macho ya watu na wezi. Kazi ya kushikilia kilima si yake.

Ndiyo maana kazi ilianza kwa koleo. Vibarua walikiondoa kifusi nyuma ya ukuta mpaka msingi ukaonekana, nao ulikutwa mzima. Nguzo moja ilikuwa imeinama. Mwenye nyumba alitaka isukumwe irudi wima, kisha ipigwe plasta, na mafundi wengi wangemkubalia. Huyu alikataa, na alikuwa na haki: zege lililokwisha kupasuka halirudi kuwa kitu kimoja kwa plasta, na nondo iliyo ndani ya ufa huendelea kuliwa na kutu. Nguzo ilivunjwa hadi chini, nondo za milimita 12 zinazotoka kwenye msingi zikasuguliwa, na nondo mpya zikafungwa sambamba nazo kwa sentimita 60, pamoja na ringi zake.

Matofali yalipangwa kabla ya nguzo kumwagwa. Upande wa nguzo mpya yaliachwa na meno, ili zege la 1:2:4 liingie humo na kuushika ukuta. Upande wa nguzo ya zamani palitobolewa matundu, vikaingizwa vipande vya nondo nyembamba vinavyolala ndani ya udongo wa saruji kila baada ya kozi kadhaa. Uzi, timazi na pima maji vilifanya kazi yake ya kila siku. Ukuta ulimwagiliwa maji kwa wiki nzima, na hakuna kifusi kilichorudishwa kabla ya hapo.

Dawa yenyewe ni mabomba ya plastiki ya inchi 2, yaliyopitishwa ukutani karibu na ardhi ya nje, kila baada ya mita moja, yakiinamia barabarani kidogo. Nyuma yake ziliwekwa kokoto, zikafunikwa kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo usizibe midomo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya matofali yaliyovunjika, na bila mabomba hayo kazi yote iliyotangulia ingekuwa ya kungoja masika mengine.

Lawama yangu ni moja. Ukarabati uliishia kwenye kipande kilichoanguka, ilhali fensi yote imeegemewa na kifusi kilekile na vipande vingine havina hata tundu moja. Mwenye nyumba avitoboe kabla ya mvua za vuli.