Ngazi ya Gari Hukaguliwa Mguuni

Ngazi mbovu zinasifiwa mno siku hizi, na wanaojua wamenyamaza. Simama Shelui, chini ya mlima Sekenke, pale madereva wanapopoza breki baada ya zile kona, utazame migongo ya magari yanayopita kati ya Singida na Nzega. Malori ya Mwanza, Rwanda na Kongo tuyaache, hayo hayana habari na paa. Tazama Land Cruiser zenye hema juu, Coaster zilizong'olewa viti zikawekwa vitanda, na yale magari-nyumba ya wageni wanaovuka bara wakila na kulala humo humo. Mengi yana ngazi nyuma ya kupandia paani, na hakosi mtu wa kuipiga picha na kusema hiyo ndiyo kazi. Ukimuuliza kazi ipi, atakuonyesha rangi, atakuonyesha kromu, kisha atahesabu vikanyagio. Ameangalia kila sehemu ya ngazi isipokuwa ile moja inayosema kama aliyeitengeneza ni fundi au ni mtu mwenye mashine ya kuchomelea tu.

Hata hivyo, kabla ya ngazi nzuri na mbaya kuna swali ambalo watu huliruka: gari hili linaitakia nini ngazi? Gari lisilo na ngazi hubeba paani kitu kilichofungwa nyumbani, kikafika mwisho wa safari hakijaguswa. Likishapata ngazi, paa linageuka stoo. Leo dumu la maji, kesho spea ya pili, keshokutwa gunia la mkaa kwa sababu tu njia ya kulipandisha ipo. Watengenezaji wa magari mengi ya kawaida huruhusu kilo 50 hadi 100 juu ya paa gari likiwa linatembea, na humo keria yenyewe imeshahesabiwa. Hema la paani peke yake laweza kufika kilo 60. Wawili wanaolala ndani yake si tatizo, maana gari limesimama. Tatizo ni asubuhi likiingia barabarani, kwa kuwa uzito ulioko juu hulilaza gari kwenye kona kuliko uzito uleule ukiwa sakafuni, na Sekenke ni kona na mteremko kwa mpigo. Basi ngazi ni haki ya mwenye shughuli paani kila siku: anayelala huko, au mwenye paneli za sola zinazotaka kufutwa vumbi la nyika ya Wembere kila jioni. Anayepanda mara mbili kwa mwezi kuangalia kamba anahitaji kitu cha kukanyagia, na tairi la nyuma lipo tangu gari litoke kiwandani.

Tuseme unayo haki hiyo. Sasa chuchumaa, kwa sababu ngazi hukaguliwa kuanzia mguuni, na hapa ndipo wasiojua hupitwa siku zote. Jiulize mguu wa ngazi umeshika nini na kichwa chake kimeshika nini. Kwenye Land Cruiser za kazi, kama ilivyo kwenye pikapu, bodi haikuchomelewa kwenye chasisi. Imekalishwa juu ya mipira, na bolti zinapita katikati ya mipira hiyo, ili chasisi ijipinde kwenye mashimo bila kuipasua bodi. Tairi la nyuma kulia likizama korongoni huku la mbele kulia likipanda jiwe, chasisi inajisokota, na bodi inafuata kwa kiasi tu. Mfereji wa paa ambao keria huushika ni wa bodi. Bampa la nyuma, hasa lile zito la kuchongesha mtaani, limefungwa kwenye chasisi. Fundi mvivu huchukua bomba refu, kichwa akakichomelea kwenye keria, mguu akausimika juu ya bampa, kwa sababu pale pana nafasi na mteja akipanda haisikii ikitikisika. Ameunganisha vitu viwili ambavyo kiwandani waligharamika kuvitenganisha. Tangu siku hiyo, kila shimo bampa linavuta na keria inakataa, na kati yao kinachoshindwa ni chembamba kuliko vyote, yaani mfereji wa paa.

Kushindwa huko hakuonekani haraka, ndiyo maana ngazi ya namna hii hupata sifa zake zote katika mwaka wa kwanza. Pitisha ukucha wa kidole gumba juu ya rangi ya mfereji, pale kibano cha keria kinapouma. Ukucha utakwama kwenye ufa ambao jicho halijauona. Pembeni ya kibano utakuta alama nyembamba ya chuma kilichosuguliwa kikang'aa, ushahidi kwamba keria imekuwa ikienda na kurudi. Mvua ikinyesha, mchirizi wa kutu utashuka kutoka hapo hapo, na mwenye gari atalaumu mvua. Ngazi ya fundi haifiki kwenye bampa. Inaishia juu yake, na kati ya mguu na bampa kuna uwazi unaopitisha vidole viwili bila kubanwa. Wapita njia huucheka uwazi huo, wakidhani bomba lilipungua. Ndio sahihi ya aliyejua anafanya nini. Mguu umeingia kwenye bodi yenyewe, na si kwenye bati tupu: kabla hajatoboa, fundi hugonga kwa kifundo cha kidole kutoka pembeni kuja katikati. Panapolia kama debe hapana kitu nyuma yake. Sauti inapojibana ndipo penye mbavu, na hapo ndipo anapotia chaki. Ndani huweka bamba pana kuliko kiganja, nje hutanguliza kipande cha mpira ili chuma kisile rangi, kisha hukaza. Ukitaka kujua kama bamba lipo, usimwulize. Fungua bitana ya ndani uingize mkono. Wapo wajanja wanaofunga bolti nne nene zenye vichwa vya kupendeza upande wa nje, na ndani hukuti hata wosha.

Mtu atasema bampa ndilo lenye nguvu kuliko vyote, linabeba winchi, linavuta gari matopeni, iweje lisibebe ngazi. Na libebe, hakuna aliyekataza, ila libebe ngazi nzima peke yake, kichwa kisiguse keria. Hoja haikuwa nguvu. Mwingine ataleta ngazi za dukani zinazoning'inia kwenye mlango wa nyuma, zilizotoka Australia au Afrika Kusini na bei yake. Hizo nazikubali shingo upande. Zimeheshimu kanuni, kwa sababu ngazi ni ya mlango, inafunguka nao, na paa halihusiki. Lakini mlango huohuo mara nyingi umebeba spea, na bawaba zake hazikupimwa kwa spea pamoja na mtu wa kilo 80. Zipandwe mlango ukiwa umefungwa na kukomewa, na bawaba zitazamwe kila baada ya safari. Hoja ya tatu ndiyo inayorudiwa zaidi: lami imefika, Sekenke si ile tena, huko kujisokota kwa chasisi ni habari za zamani. Lami imefika kweli. Ila anayefunga hema na ngazi hakuvifunga kwa ajili ya lami. Atakunja Misigiri, apite Kiomboi na kushuka kusikojulikana, maana ndiko alikoendea, na hata akibaki barabara kuu, matuta ya vijijini hupandwa tairi moja moja na wenye haraka.

Magari-nyumba yenye kuta za fiberglasi yana kesi yake, nayo ni nzito zaidi. Ukuta wake ni ngozi mbili nyembamba na povu gumu katikati. Hauna mbavu ya kugonga. Ukitoboa na kukaza nati, povu linabonyea, bolti inalegea, unaikaza tena, linabonyea tena, na maji yanapata mlango. Hutayaona yakiingia. Utayaona baada ya masika mawili, mbao za chini ya kitanda zikiwa zimelainika. Kazi inayokubalika ni bamba nje na bamba ndani, na katikati, ndani ya tundu lenyewe, kibomba kifupi chenye urefu sawa na unene wa ukuta, ili nati ivute chuma kwa chuma na povu libaki salama. Silikoni bila kibomba ni kuahirisha tu. Kisha soma kitabu cha gari, kwa sababu mapaa mengi ya namna hii hayakutengenezwa kukanyagwa, na kuweka ngazi ya kupandia paa lisilokanyagika ni ujinga wa gharama. Ukitaka ushahidi kwamba mguu wa kuning'inia si uchovu wa fundi, angalia yale malori makubwa ya safari, Unimog na MAN, yaliyojengewa vyumba mgongoni. Chumba hukaa juu ya fremu ya pili inayoiachia chasisi icheze chini yake, na ngazi huwa ya chumba peke yake, hata kipande cha mwisho huwa cha kutundika na kutungua. Wenye hela nyingi kuliko wote barabarani ndio walioacha mguu hewani.

Yaliyobaki ni mepesi. Kikanyagio hadi kikanyagio sentimita 30 zatosha. Kati ya kikanyagio na bodi pawe na nafasi ya nusu ya kwanza ya kiatu kuingia, siyo ncha ya vidole. Bomba la GI likichomelewa zinki yake huungua pale pale, na kutu huanzia kwenye kiungo, kwa hiyo usidanganywe na rangi ya fedha iliyopulizwa juu ya makovu. Ukiona kiungo laini kupita kiasi, kikwaruze, huenda chini ni paste ya bodi. Mwisho wa chini wa bomba uwe na tundu dogo la kutolea maji. Ngazi ikae kushoto, kwa kuwa tunaendesha kushoto, na anayepanda gari likiwa limesimama ukingoni awe upande wa vichaka na siyo upande wa malori. Rangi yake iwe nyeusi isiyong'aa. Vikanyagio viwe witiri. Kwa hayo mawili ya mwisho sina hoja, ni hivyo tu. Kromu sitaki kuisikia. Mgodi wa Sekenke ndio uliotoa dhahabu ya zile sarafu za rupia 15 ambazo Wajerumani walizipiga Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, kwa vifaa vya karakana ya reli. Hiyo ilikuwa na haki ya kung'aa. Bomba la inchi moja halina.

Wanaojitetea kwa mabasi ya zamani wana hoja nusu. Enzi za KAMATA, kampuni ya mabasi ya taifa, na mabasi ya keria, ngazi ilishuka hadi chini kabisa, utingo akiipanda na tenga la kuku begani basi likiwa limeshaanza kuondoka, wala haikung'oka. Lakini mabasi mengi ya aina hiyo yalijengewa bodi hapa hapa, na bampa la nyuma lilikuwa sehemu ya bodi, kwa hiyo ngazi ilianza na kuishia kwenye kitu kimoja. Kanuni ilikuwa ileile. Waliojenga bodi zile waliijua bila kuisema, na mabasi ya sasa, yenye buti chini na paa tupu, yameondoka na sababu ya kuwafundisha vijana. Ndiyo maana leo mchomeleaji mahiri wa mageti anaamini mgongo wa gari ni geti jingine tu.

Basi ukienda gereji, mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole mahali mguu utakapoishia kabla hajawasha mashine. Akigusa bampa kwa chini na keria kwa juu, mshukuru uondoke. Ikiwa hulali paani na huna sola, nunua ngazi ya alminiamu ya kukunja, ilaze ndani nyuma ya viti, na hela itakayobaki kanunue pedi za breki kabla hujaanza kushuka Sekenke.