Kinyago na Chombo: Tatizo la Kuhakiki Michongo ya Oceania

Wanaoandika juu ya michongo ya visiwa vya Bahari ya Pasifiki aghalabu huigawa mafungu mawili. Katika fungu la kwanza hutiwa vitu vya ibada na matambiko; katika la pili, vyombo vya kila siku kama mabakuli, kulabu na makasha. Vile vya kwanza huitwa sanaa, vikatafutiwa maudhui. Hivi vya pili huitwa kazi ya mkono, vikasifiwa fani yake tu, mambo yakaisha. Mgawanyo huu ni rahisi kuufundisha darasani. Vitu vyenyewe, hata hivyo, vinaukataa.

Ichukuliwe kulabu ya Waiatmul, wakaao kandokando ya mto Sepik katika Papua Guinea Mpya. Kazi yake haina siri: hutungikwa kwenye boriti za nyumba, na katika ncha zake hutundikwa mifuko ya vyakula ili panya wasiifikie. Msomaji wa pwani ataitambua kazi hiyo mara moja, maana ndiyo kazi ya susu. Lakini juu ya ncha hizo mara nyingi imechongwa sura ya mtu, na baadhi ya kulabu, zilizokuwa na jina la mhenga, zilipewa sadaka na kuulizwa shauri kabla ya watu kwenda kuwinda au kupigana. Je, hiki ni kinyago au ni chombo? Swali hilo si la Waiatmul. Ni la mwenye kabati la vioo.

Kasha la Wamaori wa Nyuzilandi liitwalo wakahuia linaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Ndani yake mtu mwenye cheo alitunza manyoya ya ndege huia na mapambo mengine ya kichwani. Kichwa cha mkuu kilikuwa tapu, yaani chenye mwiko mkubwa, na kilichokigusa kilipata mwiko huohuo. Kwa hiyo kasha lilitungikwa juu, darini. Walioketi chini waliliona kwa upande wa chini. Ndiyo sababu fundi alikichonga kitako chake kwa ustadi uleule alioutumia katika kifuniko. Likiwekwa mezani ndani ya kabati, kitako hicho hakionekani, na mtazamaji huondoka akisifu kifuniko. Hapa fani haiwezi kuelezwa pasipo desturi, kwa kuwa mwiko ndio ulioelekeza patasi.

Mfano mgumu kuliko yote ni malagan, wa kaskazini ya kisiwa cha New Ireland. Neno hilo ni jina la sherehe za kuondoa matanga, ambazo huweza kufanywa miaka kadha baada ya maziko, na ni jina la michongo yake pia. Fundi hufanya kazi kwa siri, katika mti mwepesi, akiutoboatoboa mpaka ndege, samaki na nyoka waonekane wameshikana ndani ya gogo moja. Rangi ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mboni za macho ni vifuniko vya konokono wa baharini. Siku ya karamu mchongo hufunuliwa, na waliotoa nguruwe na fedha za simbi hupata haki ya sura ile: kuikumbuka, na siku moja kuiagiza ichongwe upya. Baada ya hapo mti hauna kazi tena. Zamani uliachwa uoze au ulichomwa moto. Katika miaka ya utawala wa Wajerumani, 1884 hadi 1914, ilienea njia nyingine, nayo ni kuwauzia wageni. Susanne Küchler, aliyefanya utafiti kisiwani humo, ameeleza kwamba kuuza nako kulikuwa namna ya kuuondoa mchongo, sawa na kuuozesha. Hivyo makumbusho ya Ulaya yalijikusanyia kwa maelfu vitu ambavyo wenyewe walikuwa wamekwisha kuvizika. Kuviita sanamu ni kuvipa umri usiokuwa wao, na kuvisifu kwa kudumu kwake ni kusifu ganda la korosho baada ya korosho kuliwa.

Mnamo Septemba 1984 jiji la New York lilipata maonyesho mawili kwa wakati mmoja. Museum of Modern Art iliweka michongo ya Afrika na Oceania ubavuni mwa kazi za Picasso na wenzake, kwa hoja ya kufanana sura. Thomas McEvilley na James Clifford waliipinga hoja hiyo, na walikuwa na haki: kufanana kwa sura kati ya watu wasiojuana hakuthibitishi lolote. Katika Metropolitan Museum maonyesho ya Te Maori yalifunguliwa alfajiri ya tarehe 10, wazee wa Kimaori wakitangulia kwa dua na kuvisalimu vitu vile kama wahenga wao. Hayo yalikuwa maonyesho bora kwa mbali, maana angalau walioviita vitu hivyo kwa majina walikuwapo. Lakini mgawanyo wa kale haukufa hata hapo. Vitu vilivyoonyeshwa vilikuwa 174, vya mti, mawe na mifupa. Majoho yaliyofumwa na wanawake hayakuwamo, na wanawake wa Kimaori walililalamikia jambo hilo waziwazi.