Mfalme, Mithali na Mdogo Wangu

Mwaka 2009 ukame uliwamaliza ng'ombe wengi wa kaskazini mwa nchi yetu. Mdogo wangu alikuwa amewapeleka wake nyikani, upande wa Longido, kwa kuwa hapa Ngaramtoni mashamba yamebanana na malisho ni haba. Alikwenda na ng'ombe kumi na saba, akarudi na fimbo. Jioni moja alikuja kwangu, akaketi kwenye kigoda. Nami, niliyefundisha shule miaka mingi na ambaye kunyamaza hakujawahi kuwa kazi yangu, nikafungua kitabu cha Mithali. Nikamsomea habari za chungu, yule mdudu mdogo asiye na msimamizi, ajiwekeaye akiba wakati wa mavuno. Nikaongeza kwamba angaliuza nusu mapema, leo angekuwa na kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante, kaka," akaenda zake. Hakuingia tena nyumbani mwangu kwa muda wa miaka miwili.

Maneno niliyomsomea yalikuwa kweli. Basi kosa lilikuwa wapi? Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye vitabu vya Waebrania wa kale, safari hii si kama mtu atafutaye somo la kumpa mwenzake.

Kwanza nilitazama jinsi mithali zao zilivyoundwa. Sisi tuliozoea shairi la vina na mizani twaweza kudhani kwamba Waebrania hawakujua ushairi. Waliujua sana, ila wao walilinganisha mawazo badala ya sauti za mwisho. Kipande cha kwanza husema jambo. Cha pili hulirudia kwa maneno mengine, au hulipinga, au hulikamilisha. Methali zetu nyingi nazo zina vipande viwili: mtoto umleavyo, ndivyo akuavyo. Neno la namna hiyo hushikika upesi kichwani. Lakini hapo hapo pana hatari yake. Kwa kuwa limetimia, humfanya anayelisema adhani kwamba na shauri lenyewe limekwisha.

Pili, nilitazama ni nani mwenye maneno hayo. Kitabu kinafunguliwa kwa jina la Sulemani mwana wa Daudi, na kitabu cha kwanza cha Wafalme kinamhesabia mithali 3,000 na nyimbo 1,005. Hata hivyo Mithali yenyewe haifichi kwamba mikono iliyoiandaa ni mingi. Sehemu moja ilinakiliwa na watu wa mfalme Hezekia, zaidi ya miaka 200 baada ya Sulemani. Nyingine ni mafundisho ya mama yake mfalme Lemueli, anayemwonya mwanawe asije akalewa na kuisahau haki ya maskini. Na ipo sehemu inayofanana sana na mafundisho ya Amenemope, mtu wa Misri. Hekima hiyo, basi, haikuwa mali ya jumba la mfalme mmoja.

Sasa, msomaji wangu, weka Mithali upande mmoja na Wafalme upande wa pili. Mfalme yule yule mwenye hekima alitoza watu shokoa: watu 30,000 wakapelekwa Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi, mbali na wachukuzi 70,000 na wachonga mawe 80,000. Nyumba ya Mungu aliijenga kwa miaka saba; yake mwenyewe kwa miaka kumi na mitatu. Alipokufa, watu walimwomba mwanawe Rehoboamu awapunguzie mzigo. Wazee wakamshauri awajibu kwa upole. Akawaacha wazee, akafuata vijana aliokua nao, na makabila kumi yakamwacha. Samweli alikuwa amekwisha kuwaonya tangu mwanzo kwamba mfalme atawatwalia wana wao na mashamba yao. Sisi Waarusha, ambao tangu asili mashauri yetu yaliamuliwa na wazee wa rika pamoja na laigwanani, tunalielewa onyo hilo bila kufafanuliwa.

Kwangu mimi, huo ndio ukubwa wa Waebrania hao. Walimsifu mfalme kwa hekima yake, na hawakuifuta habari ya migongo ya waliobeba mawe. Kujua neno la hekima ni jambo moja. Kumwona mtu aliye mbele yako ni jambo jingine.

Kitabu cha Ayubu kinalisema hilo waziwazi zaidi. Makanisani tunahubiriwa Ayubu mvumilivu, na kule pwani upo utenzi wa kale wa Ayubu unaosifu subira yake. Lakini uvumilivu huo umo hasa katika sura mbili za mwanzo, zilizoandikwa kwa nathari. Kuanzia sura ya tatu ni ushairi, na katika ushairi huo Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, analalamika, anamdai Mungu majibu. Wanaomjibu ni Elifazi, Bildadi na Sofari. Mengi wanayoyasema ungeweza kuyaingiza katika Mithali na hakuna ambaye angeshtuka. Na bado mwishoni Mungu anawakasirikia wao, akisema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Jambo jema walilolifanya ni lile la kwanza: waliketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno.

Mahali pamoja kitabu hicho hakiniridhishi. Mwishoni Ayubu anarudishiwa mifugo maradufu, na anazaa watoto kumi wengine, kana kwamba hesabu imefungwa. Wale kumi wa kwanza hakuna anayewataja tena. Mtunga mashairi asingalimaliza hivyo, nadhani.

Mwaka 2011 nilipanda kwa mdogo wangu, juu kidogo, njia ya Olmotonyi. Nilichukua kilo mbili za sukari. Tuliketi nje ya nyumba, mkewe akatuletea chai. Sikusema kitu, na haikuwa rahisi. Baada ya kitambo kirefu akaniuliza, "Kaka, leo hukuja na kitabu?"

Nikamjibu, "Nimekiacha nyumbani."

Ndipo akaanza kunitajia ng'ombe wake, mmoja mmoja, rangi yake na mahali alipoangukia. Alipomaliza wote kumi na saba, giza lilikuwa limeingia. Alinisindikiza mpaka barabarani.

Mithali naisoma mpaka leo, na naipenda. Ila huanza kujisomea mwenyewe, na mara nyingi huishia hapo.