Mwana wa Msuka Viti

Charles Péguy alizaliwa Orléans, Ufaransa, mwaka 1873. Hakuwa ametimiza mwaka mmoja baba yake, fundi seremala, alipofariki. Mama yake, Cécile Quéré, alimlea kwa kusuka viti. Mabua makavu husokotwa kuwa kamba. Kamba hupitishwa juu ya ubao wa kiti, huzungushwa pembeni, ikaenda pembe ya pili, ya tatu, ya nne, kisha ikaanza tena, kutoka nje kuelekea katikati, mpaka tundu lizibe. Kila mzunguko hufanana na uliotangulia, ila huwa umesogea kidogo ndani.

Katika L'Argent, kitabu chake cha 1913, aliwasifu mafundi wa utoto wake walionyoosha mguu wa kiti hata upande usioonekana na mtu. Ushairi wake ni wa mkono huo. Wapo wanaomlaumu kwa kurudiarudia. Mimi naona huko kurudia ndiko ufundi wenyewe ulipo.

Chukua Le Porche du mystère de la deuxième vertu, la 1911. Mungu, kwa kinywa cha mtawa, anastaajabia Tumaini, kibinti anayetembea katikati ya dada zake wakubwa, Imani na Mapendo. Sentensi inasemwa, inasemwa tena ikiwa imeongezwa neno moja, kisha inapunguzwa, mpaka unagundua kuwa mdogo ndiye anayewavuta wakubwa. Aliyeandika hayo alikuwa amerejea kwenye imani baada ya miaka ya ujamaa, lakini ndoa yake haikufungwa kanisani na watoto hawakuwa wamebatizwa, kwa hiyo aliishi bila kupokea sakramenti. Tumaini lilikuwa jambo lake mwenyewe.

Halafu ikaja Ève, mwishoni mwa 1913: mishororo zaidi ya 7,000, beti za mistari minne, kila mshororo mizani 12 katika vipande viwili vya sita sita. Mzoefu wa tarbia zetu hatapotea humo. Katika sehemu yake mashuhuri, ya heri kwa waliokufa vitani, maneno ya mwanzo yanarudi ubeti hadi ubeti huku yanayofuata yakibadilika: ardhi, kisha miji, kisha moto wa nyumbani. Heri ni ile ile, lakini kila inaporudi imekaribia mlango wa mtu.

Péguy, luteni wa akiba, aliuawa vitani kwa risasi karibu na Villeroy tarehe 5 Septemba 1914, na tangu hapo wengi huzisoma beti hizo kama utabiri. Wanampunja. Zile si ndoto ya mtu aliyeoteshwa kifo chake. Ni kazi ya mkono, iliyopimwa silabi kwa silabi.

Uangalifu huo haukuishia kwenye shairi. Tangu 1900 alichapisha mwenyewe jarida lake, Cahiers de la Quinzaine, karibu na Sorbonne, Paris, akihangaikia herufi na kusahihisha kurasa za majaribio kwa jicho kali, ilhali wasomaji wake walikuwa wachache na fedha hazikumtosha.

Anayetaka kumjaribu aanze na Le Porche, asome kwa sauti, wala asiruke sentensi kwa kudhani ameshaiona. Aitazame tena, atafute neno lililoongezwa.