Kampuni, Askari na Ushuhuda wa Kanisa

Kitabu cha mwanahistoria John Iliffe, A Modern History of Tanganyika (1979), kina kurasa zaidi ya 600, na wengi wetu hatutakimaliza. Hata hivyo, maelezo yake juu ya kuja kwa Wajerumani yanatugusa sisi Walutheri tunaoishi hapa Msuka, ambapo ng'ambo ya mkondo ni Tanga.

Tunajifunza kwamba kampuni ndiyo iliyotangulia, serikali ikafuata. Carl Peters alikusanya mikataba bara mwaka 1884, na Februari 1885 kampuni yake ikapata hati ya ulinzi ya Kaisari. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha pwani ili ikusanye ushuru. Watu wa Pangani na miji mingine wakakataa, Abushiri akiwa mbele. Kampuni ikashindwa kujitetea. Mwaka 1889 Bunge la Ujerumani likatoa marki milioni 2, naye Hermann Wissmann akaja na askari Wasudani waliokodiwa Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Desemba Abushiri akanyongwa. Hasara ya wafanyabiashara ililipwa kwa fedha ya umma na kwa damu ya watu wa pwani.

Iliffe anasimulia kwa utulivu, na hilo tunalisifu. Lakini kwa kuwa amebeba historia ya nchi nzima, twaona anapita upesi mahali ambapo Mkristo hana budi kutua. Sheria ile ya 1889 ilitaja kwanza kupiga vita biashara ya watumwa, kisha kulinda maslahi ya Wajerumani. Biashara hiyo ilikuwa dhambi kweli. Mashamba ya karafuu ya Pemba ni mashahidi. Ila utumwa wenyewe Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka.

Na sisi je? Chama cha misheni kilichomtuma Greiner Dar es Salaam mwaka 1887 kilianzishwa Berlin mwaka mmoja kabla, Peters na wenzake wakishiriki. Hatuwadharau waliotuletea Injili. Lakini tunapowashuhudia majirani zetu Waislamu, tukubali kwamba babu zao waliiona misheni na kampuni zikishuka pwani pamoja.

Askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, aliwakataza kunyang'anya na kuwaambia waridhike na mshahara wao (Luka 3:14). Basi kanisa likiombwa kubariki silaha kwa ajili ya neno jema, na liulize kwanza ni nani atakayepata faida.